Matundu ya Filimbi Ambayo Vidole Havigusi

Filimbi yangu ya kwanza ilikuwa na noti moja iliyokataa katakata kutoka. Ilikuwa C ya chini kabisa, ile inayotaka vidole karibu vyote vishuke kwa pamoja na kidole kidogo cha mkono wa kulia kijinyooshe hadi kwenye kibonyezo cha mwisho. Nilipopuliza nilipata upepo mtupu, au mara nyingine mlio mkali wa juu uliochomoka ghafla kana kwamba filimbi imeshtuliwa usingizini. Noti nyingine zilikuja, baadhi kwa hiari na baadhi kwa kubembelezwa, lakini hiyo moja haikuja. Kwa miezi miwili nililaumu midomo yangu, kisha pumzi yangu, kisha umri wangu, maana nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, na mtu mzima anayejifunza ala hakosi sababu za kujilaumu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye tundu moja dogo ambalo sikuwahi kuligusa wala kujua kazi yake, na nisingeligundua kama nisingeketi na kuielewa filimbi kipande kwa kipande, kazi ambayo ningepaswa kuifanya wiki ya kwanza.

Ninaposema filimbi hapa ninamaanisha hasa ile ya metali inayoshikwa kwa kulazwa upande wa kulia wa uso, yenye vibonyezo vingi, ambayo hupigwa katika okestra na bendi. Ina urefu wa sentimita 67 hivi, na hukaa katika kisanduku chake ikiwa vipande vitatu: kichwa, kiwiliwili na mguu. Hata hivyo, karibu kila nitakaloeleza linaihusu pia filimbi ya mwanzi yenye matundu sita na isiyo na kibonyezo hata kimoja, kwa sababu hewa iliyo ndani ya mrija haijali kama mrija huo ni wa fedha, wa mwanzi au wa plastiki.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba aviache kiwiliwili na mguu kisandukuni kwa siku kadhaa, abaki na kichwa peke yake. Kichwa ni mrija mfupi uliozibwa upande mmoja, na juu yake limebandikwa bamba lililopinda kidogo ili lilale vizuri chini ya mdomo. Katikati ya bamba hilo kuna tundu la kupulizia, lenye umbo linalokaribia yai, upana wake ukiwa milimita 12 hivi kwa 10. Hilo ndilo tundu kuu la filimbi nzima, na halifunikwi na kidole chochote. Mdomo wa chini hulifunika sehemu, kama robo hadi theluthi, na sehemu inayobaki huachwa wazi.

Nilipoanza nilidhani kwamba pumzi humiminwa ndani ya filimbi kama maji yanavyomiminwa kwenye chupa, na kwa hiyo nilikuwa nikielekeza pumzi yangu yote tunduni moja kwa moja, nikapata kizunguzungu na nisipate sauti. Hali halisi ni kwamba mkondo mwembamba wa hewa unaotoka midomoni huvuka tundu na kugonga ukingo wa ng'ambo, na pale ukingoni huyumba, mara ukiingia ndani ya mrija, mara ukipita nje, na kuyumba huko ndiko kunakoitikisa hewa iliyomo ndani. Kwa noti A ambayo okestra nyingi huitumia kulinganishia sauti, mkondo huo huyumba mara 440 kwa sekunde. Mwenye kuelewa hivi huacha kusukuma pumzi kwa nguvu na kuanza kutafuta pembe: huzungusha kichwa cha filimbi kidogo kidogo, kuelekea kwake na kutoka kwake, mpaka ukingo ukutane na mkondo. Akikizungusha sana kuelekea ndani, sauti hushuka na kusinyaa. Akikizungusha sana kuelekea nje, hupanda na kujaa upepo.

Kuna jaribio moja la kichwa ambalo nalipenda kuliko mazoezi yote ya vitabuni. Puliza kichwa kikiwa na mwisho wake wazi, usikilize noti inayotoka. Kisha ziba mwisho huo kwa kiganja, upulize tena. Sauti hushuka sana, karibu oktavu nzima, yaani umbali wa kutoka do moja hadi do inayofuata, ingawa mrija ni uleule na midomo ni ileile. Ule mdomo wa mrija ulioko mwishoni nao, basi, ni tundu. Filimbi ni mrija ulio wazi pande mbili, upande mmoja kwenye tundu la kupulizia na upande mwingine mwishoni, na wimbi la sauti husimama kati ya pande hizo. Ukiziba upande mmoja, wimbi hulazimika kujipanga upya na kuwa refu zaidi.

Upande wa pili wa kichwa kuna kofia ndogo, na kofia hiyo huzunguka. Mimi niliizungusha. Nilidhani ni mfuniko uliolegea, nikaukaza vizuri kama mtu anayefunga chupa ya dawa, na kwa siku kadhaa zilizofuata noti zangu za juu na za chini ziligombana: G ya chini ilikuwa sawa, G ya juu yake haikulingana nayo hata kidogo. Kofia ile imeshikana na skrubu, na skrubu imeshikana na kizibo kilichofichwa ndani ya mrija, ambacho kazi yake ni kuweka umbali maalumu kati yake na katikati ya tundu la kupulizia. Umbali huo ni takriban milimita 17, na ndio unaozifanya oktavu zikubaliane. Ndiyo maana kijiti cha kusafishia kinachokuja na filimbi huwa na mstari uliochorwa karibu na ncha yake. Ukikiingiza kichwani hadi kigote kwenye kizibo, mstari unapaswa kuonekana katikati kabisa ya tundu. Nilikuwa nimekitumia kijiti hicho kwa wiki nyingi kukokotea kitambaa bila kujiuliza mstari ule ni wa nini.

Sasa tuje kwenye matundu ya vidole. Kosa kubwa nililokuwa nalo kichwani, na ambalo naliona kwa wengi wanaoanza, ni kudhani kwamba kila tundu lina noti yake, kama vile kila ufunguo wa piano ulivyo na noti yake. Tundu la filimbi halina noti. Kazi ya tundu lililo wazi ni kuukata mrija. Hewa iliyo ndani huanzia kwenye tundu la kupulizia na kwenda chini hadi ikutane na nafasi ya kwanza ya kutokea nje, na hapo, kwa upande wake, mrija umekwisha, hata kama macho yako yanaona metali ikiendelea sentimita 30 zaidi. Ukifunga matundu yote, mrija ni mrefu na sauti ni ya chini. Ukifungua moja moja kuanzia mwisho, unaufupisha mrija na sauti inapanda. Hesabu yake si ngumu. C ya chini hutikisika mara 262 kwa sekunde, na sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, hivyo wimbi moja lina urefu wa sentimita 131, na nusu yake, ambayo ndiyo inayokaa ndani ya filimbi, ni kama sentimita 65 na nusu. Ukipima filimbi kutoka tundu la kupulizia hadi mwisho wa mguu utapata takriban sentimita 60. Zile chache zinazobaki ni hewa ya nje, kwenye midomo na kwenye mwisho wa mrija, ambayo nayo hutikisika pamoja na ya ndani.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini filimbi baridi hutoa sauti ya chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Sauti husafiri polepole zaidi katika hewa baridi, na hewa ya ndani ikishapashwa na pumzi, noti zote hupanda. Ndiyo sababu wapigaji huipulizia filimbi kimyakimya kabla ya kuanza, na ndiyo sababu kichwa hakisukumwi hadi mwisho kinapoungwa na kiwiliwili, bali huachwa nje kwa milimita chache, ili ibaki nafasi ya kukisogeza ndani au nje sauti inapohitaji kulinganishwa na ya wengine.

Haya yote niliyaamini kweli nilipojaribu kutengeneza filimbi mwenyewe kwa bomba la plastiki la maji. Nilikata bomba, nikaziba upande mmoja kwa kizibo cha chupa, nikatoboa tundu la kupulizia na matundu sita kwa keekee, kila moja likiwa sentimita tatu kutoka kwa jirani yake, kwa sababu tu mpangilio huo ulipendeza macho. Filimbi ile ilipendeza macho na ilichukiza masikio. Hatua za chini zilikuwa fupi mno, za juu zilikuwa ndefu mno, kama ngazi iliyojengwa na mafundi wawili wasiosemezana.

Sababu ni kwamba sikio husikia uwiano. Ili kupanda toni moja, yaani hatua kama ile ya do hadi re, mrija unatakiwa upungue kwa asilimia 11 hivi ya urefu uliopo wakati huo, na kila mrija unapofupika, asilimia hiyo huwa sentimita zinazozidi kupungua. Chukua mrija ambao urefu wake kamili, pamoja na zile hewa za nje, ni sentimita 40. Hiyo ndiyo do. Re inahitaji sentimita 35.6, mi 31.8, fa 30, so 26.7, la 23.8, na ti 21.2. Tazama jinsi nafasi zinavyobadilika: kutoka do hadi re ni sentimita 4.4, kutoka la hadi ti ni 2.6, na kati ya mi na fa, ambapo hatua ni nusu toni tu, ni 1.8. Mtu yeyote anayeishika filimbi ya matundu na kujiuliza kwa nini matundu yake yamekaa ovyo ovyo, jibu lake liko kwenye namba hizo.

Bomba la pili nililipima kwa namba hizo, nikakutana na taabu nyingine, kwani tundu la fa na tundu la mi yalikaribiana kiasi kwamba vidole viwili vilisongamana, huku tundu la chini kabisa likiwa mbali na kidole kilichopaswa kulifikia. Mkono wa binadamu una mpangilio wake, na hewa ina wake. Mafundi wa zamani wa filimbi za miti na mianzi waliutatua ugomvi huu kwa ukubwa wa matundu. Tundu dogo kuliko upana wa mrija haliukati mrija kabisa. Sehemu ya wimbi huendelea kuteleza chini yake, na sauti hushuka kidogo. Kwa hiyo tundu linaweza kusogezwa juu, karibu na mdomo, mradi lifanywe dogo zaidi, na sikio halitajua kwamba limehamishwa. Nilitoboa tundu la fa upya milimita chache juu ya lile la kwanza, nikaliziba la zamani, kisha nikapunguza mdomo wa lile jipya kwa nta, nikikwangua na kuongeza, nikipuliza na kusikiliza, mpaka noti ikatulia mahali pake. Baada ya kazi ile sikuwahi tena kuliona tundu dogo la filimbi kama tundu lililotobolewa kwa uzembe.

Njia hiyo ya ukubwa ina gharama yake, nayo ni kwamba matundu madogo hutoa sauti dhaifu. Mwaka 1831 Theobald Böhm, mpigaji filimbi wa München aliyekuwa pia amejifunza ufundi wa dhahabu, alimsikia London mpigaji aitwaye Charles Nicholson, ambaye filimbi yake ilikuwa na matundu makubwa kuliko kawaida na sauti iliyojaa. Böhm alirudi nyumbani na kuamua kuutazama mpangilio wote upya. Mwaka 1832 alitoa filimbi moja, na mwaka 1847 nyingine iliyokuwa na mrija ulionyooka wenye upana wa milimita 19, matundu makubwa yaliyowekwa pale hewa inapoyataka, na vifuniko vyenye fimbo na springi vya kuwasaidia vidole kuyafikia. Filimbi unayoinunua leo ni hiyo ya 1847, pamoja na marekebisho machache. Kwa maneno mengine, ule mtandao wa vyuma unaomtisha mwanafunzi ulizaliwa kwa sababu matundu yaliruhusiwa kukaa mahali pao na vidole vikaongezewa urefu.

Ndiyo maana kiwiliwili hakipaswi kutisha. Kila kifuniko kina pedi ndani yake, kitu laini cha duara kilichovikwa utando mwembamba sana, na pedi hiyo hukaa juu ya ukingo wa tundu na kuliziba lisivuje. Vifuniko vingine vina tundu katikati, matano kwa kawaida, ambayo kidole lazima kiyafunike chenyewe. Binafsi sioni haja ya anayeanza kuhangaika nayo, na kama filimbi aliyoipata ni ya aina hiyo, vizibo vidogo vya plastiki vipo. Jambo la muhimu zaidi ni kutambua kwamba vifuniko ni vya makabila mawili. Wengi wao husimama wazi, na kidole hushuka kuvifunga. Wachache hulala vimefungwa, vikishikiliwa na springi, na kidole hushuka kuvifungua. G kali, yaani noti iliyo nusu toni juu ya G, ni mmojawapo, kinachofunguliwa na kidole kidogo cha kushoto. D kali, kwenye mguu, ni mwingine, na kidole kidogo cha kulia hukifungua kwa karibu kila noti, jambo linalomchanganya mwanafunzi anayedhani kwamba kubonyeza siku zote ni kufunga.

Tundu moja lililo juu ya kiwiliwili linastahili kutajwa peke yake, nalo ni lile dogo linalofungwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Likiachwa wazi pamoja na mengine hutoa C kali. Lakini unapopiga D ya katikati, vidole vyote vya D ya chini hushuka isipokuwa hicho cha shahada, ambacho huinuliwa. Tundu lile halikati mrija tena. Hupumua tu, na kupumua kwake huliharibia raha wimbi refu la oktavu ya chini, ili lile fupi la juu lipate nafasi. Kwa kuwa tundu moja limepewa kazi mbili, lilifanywa dogo na kusogezwa juu kidogo, na ndiyo sababu C kali ya filimbi huwa na tabia ya kuyumba hata kwa wapigaji wazoefu.

Filimbi za mataifa mengine nazo zina matundu yasiyohusiana na vidole. Filimbi ya Kichina iitwayo dizi ina tundu moja kati ya tundu la kupulizia na matundu ya vidole, nalo hufunikwa kwa utando mwembamba wa tete unaotetemeka na kuipa sauti mvumo wake wa pekee. Tena mwishoni mwa mwanzi wake kuna matundu mengine ambayo hakuna kidole kinachoyafikia, na hayo ndiyo yanayoamua noti ya chini kabisa, kwa sababu mrija kwa upande wa hewa huishia hapo, si pale mwanzi ulipokatwa.

Mguu una mambo machache. Ni kipande kifupi chenye vibonyezo vya kidole kidogo cha kulia, na huungwa kwa kuzungushwa taratibu, fimbo yake ielekee katikati ya kifuniko cha mwisho cha kiwiliwili. Ushike pale pasipo na vyuma, maana fimbo zikipinda vifuniko havitulii tena. Filimbi inapowekwa mezani, vifuniko vielekee juu, ili maji ya pumzi yasikae kwenye pedi.

Nikiwa nimeshayajua hayo yote, niliirudia C yangu iliyokataa. Ikiwa noti hiyo inataka mrija wote, basi haivumilii hata uvujaji mdogo popote pale, na kadiri uvujaji ulivyo karibu na mdomo ndivyo unavyoziathiri noti nyingi zaidi zilizo chini yake. Nilikata ukanda wa karatasi nyembamba, ile ya kuzungushia sigara, nikauweka chini ya kila pedi, nikakifunga kifuniko kwa wepesi na kuuvuta. Pedi nzima huubana ukanda, mkono ukausikia ukikataa. Vifuniko vyote vikubwa viliubana. Vya mguu viliubana. Nikakaribia kurudi kwenye kulaumu midomo.

Vilibaki vifuniko viwili vidogo kwenye ncha ya juu ya kiwiliwili, karibu na pale kichwa kinapoungana, vya kupigia trili, yaani kupokezanisha noti mbili jirani kwa haraka, ambavyo hulala vimefungwa na hufunguliwa kwa vibonyezo vilivyoko mbali, kati ya vidole vya mkono wa kulia. Sikuwa bado nimejifunza trili hata moja, hivyo sikuwahi kuvitumia, na kwa kuwa springi zilivishikilia nilidhani vimefungwa. Cha kwanza kiliubana ukanda. Cha pili kiliuachia ukapita kama karatasi inavyopita chini ya mlango. Nilikiinua nikaona utando wa pedi, isiyozidi kifungo cha shati, umechanika upande mmoja.

Nilimwita mdogo wangu, nikamwonyesha kifuniko chenyewe na kumwomba akikandamize. Alikikandamiza kwa ncha ya kidole, nami nikashusha vidole vyote, nikapuliza taratibu, na C ikatoka.